Kitufe cha Kushoto

"Usitikise kichwa," daktari alisema kwenye spika.

Msusi asingeweza hata kama angetaka. Kichwa kilikuwa kimebanwa kwenye kizimba cha plastiki, naye mzimamzima kasukumwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo kama mkate ndani ya tanuri. Mkononi alikuwa na vitufe viwili: cha kushoto, nimekosea mimi; cha kulia, amekosea mwenzangu.

"Rafiki yako amekutukana mbele za watu."

Kushoto.

"Mteja amekuweka mchana kutwa, kisha hakutokea."

Kushoto. Pengine aliwahi kumvuta nywele akimsuka.

"Jirani amekanyaga nguo ulizoanika."

Kushoto. Nani alimtuma aanike njiani?

Mashine iligonga, ikanguruma. Jasho lilimwingia sikioni na hakuwa na namna ya kulifuta. Walimpa mpira wa kubonyeza akizidiwa. Pumzi ilimpaa, kuta zikamkaribia, lakini hakuubonyeza. Angewasumbua watu.

Shangazi yake, aliyemlea, ndiye aliyemleta. Kwa miezi mingi msusi alikuwa hali wala halali, saluni kawaachia wenzake.

"Huyu hata mvua ikinyesha ataomba radhi," shangazi alimwambia daktari walipofika. Alitaka kuchekesha, sauti ikamkatikia njiani.

Walipomtoa, daktari alivuta kiti akakaa naye.

"Kuna sehemu ya ubongo inayopima kosa ni la nani na lina uzito gani. Kuna nyingine inayosikia hatia. Mtu akiwa na sonona, mara nyingi hizi mbili ni kama zimenuniana. Hatia inapiga kelele, mpimaji hasikilizwi. Unanielewa, dada?"

"Nakuelewa. Samahani kwa kukuchosha."

"Hujanichosha. Niambie, kosa gani linakuumiza kuliko yote?"

Msusi aliinamia sakafu.

"Nilimuua mama yangu."

Shangazi aligeukia ukutani.

"Ilikuwaje?" daktari aliuliza taratibu.

"Alinisubiri kutwa nzima. Wote walikuwa wananisubiri mimi. Nikachelewa kufika. Nilipofika, damu ilikuwa imeshamwishia."

"Alikulaumu?"

"Hakupata nafasi. Aliniangalia mara moja, akafumba macho."

"Nani alikwambia umemuua?"

"Hakuna. Ila kila habari zake zikifika hapo, nyumba nzima inanyamaza. Mtu huelewa."

"Na wewe ulifanya nini pale?"

"Nililia. Sikumsaidia chochote, daktari. Nililia tu."

"Ulikuwa na umri gani?"

Msusi alijifunika uso kwa viganja, kama aliyefumaniwa.

"Ndiyo kwanza walikuwa wananikata kitovu."