Swichi ya Tumboni

Mwinchande alipanda kilimani na ndege yake ya rimoti, ile isiyo na injini, ameikumbatia kama aliyeokota mtoto wa mfalme. Miezi tisa aliichonga kwa mikono yake. Alipowaona wenzake na ndege zao za dukani, akasonya.

"Mapambo ya sebuleni hayo."

Pale kilimani, kabla ya kurusha, mtu hubonyeza rimoti ili mwenzake autazame mkia wa ndege ukicheza, ijulikane kuwa inaisikia rimoti.

"Shemeji, tikisa mkia tuone," Sudi alimwambia.

"Watikise walionunua! Hii naijua mpaka mifupa."

Akairusha. Ikapaa vizuri kuliko zote, hata aliowatukana wakapiga makofi. Akabonyeza igeuke irudi. Ikanyoosha tu kuelekea ng'ambo ya bonde. Akabonyeza tena, jasho linamtoka.

"Shemeji," Sudi akauliza polepole, "ile swichi ya tumboni mwa ndege uliiwasha?"

Mwinchande akabonyeza kwa nguvu zaidi. Mara upepo ukaipiga ndege ubavuni, ikainama kidogo kulia.

"Mnaona?" akafoka. "Inanisikia!"

Hakuna aliyecheka. Wakaanza kufungasha mapambo yao ya sebuleni, na yeye bado anabonyeza, macho kwenye kinukta cheupe juu ya milima ya watu wengine.