Abee

Kikompyuta cha mkononi cha marehemu Athmani kililia mezani adhuhuri, kama kilivyozoea kukumbusha saa ya dawa yake. Kisha ikatoka sauti yake, aliyoirekodi alipokuwa mgonjwa: "Bishara!"

"Abee!" mjane wake akaitika, mikono ikiwa ndani ya unga.

Dada yake, Mwanasiti, akamziba mdomo, lakini alishachelewa. "Wewe! Hatukuambiwa tusimwitikie tusiyemwona?"

"Ni ukumbusho tu, dada. Mashine."

Mwanasiti akakigeuza akizime kabisa. Nyuma, mahali pa betri palikuwa patupu. Betri zenyewe zilikuwa kwenye kisahani kabatini, zilikowekwa na jamaa baada ya matanga.

"Haya," ile sauti ikasema taratibu, "njoo basi."

Bishara alikuwa ameshaanza kukung'uta unga mikononi.