Dawa ya Kuita Nzi

Tunu alikuwa maabara, glavu mikononi, akimsikia bosi wake kwenye kipaza sauti cha ukumbini. Profesa Kilembe alikuwa akiwaeleza wageni jinsi alivyochuja mwenyewe, kutoka kwenye ua linalonuka mzoga, dawa inayoita nzi bila binadamu kusikia harufu yoyote. Ua lenyewe hakuwahi kuligusa. Kila akipita karibu aliziba pua kwa tai na kutema mate.

Aliyeichuja dawa hiyo ni Tunu. Akavua glavu, akajipaka dawa ile kiganjani, akaenda ukumbini.

“Hongera, Profesa,” alisema, akimpa mkono.

“Asante, mwanangu. Na nyinyi mmesaidiasaidia.”

Kwa mkono uleule Profesa akachukua sambusa. Nzi akatua kwenye kidole gumba. Akamfukuza, akauma sambusa. Dirishani, nzi wengine walikuwa wanaingia.