Onja Hapahapa

Leo yule mama mnene alikuja na kilemba cha kijani, kana kwamba mwili ule ungeweza kufichwa na kitambaa.

Bawabu alikuwa ametoka kumsogeza pembeni mtoto mmoja mnene ambaye kila asubuhi hukaa kwenye ngazi za duka akijipepea na kadi ya zahanati. Aliporudi ndani alimkuta mama yule anaelekea meza ya matunda.

"Mama Mashavu huyo," akamnong'oneza mwonjeshaji. "Jana kilemba cha bluu, juzi cheupe. Mkono mtupu haulambwi, lakini huyu, na utupu wake, ndiye anayetulamba sisi!"

Mwonjeshaji hakucheka. Kazi yake ilikuwa kukata matufaha, kuchomeka vijiti kwenye vipande na kuwapa wateja waonje ili wanunue. Kibao mezani kiliandikwa: WATU WAZIMA TU. KIPANDE KIMOJA. ONJA HAPAHAPA. Jana msimamizi alimwambia waziwazi: asipomkomesha mama yule kuonja bila kununua, Jumatatu atafute kazi kwingine. Na hii aliitafuta miezi minane.

Siku ya kwanza mama alikuwa na maneno.

"Moja bei gani, mwanangu?"

"Sawa na mkate mzima, mama."

Alicheka hadi mabega yakatikisika. "Basi sisi tutazidi kufura kwa mikate."

Tangu hapo, kimya. Hutia kipande mdomoni, huinamisha kichwa kushukuru, na huyo mlangoni, shavu limevimba kama la mwenye jino bovu. Bawabu humpekua mkoba na kumkunjua viganja, asije akatoka na tunda. Hajawahi kumkuta na kitu.

Leo kipande kilipoingia tu mdomoni, mwonjeshaji alizunguka meza akamzibia njia.

"Tafuna, mama."

Mama akatikisa kichwa.

"Kibao kinasema hapahapa. Tafuna, umeze, nione. Na kesho usirudi."

Watu waligeuka. Kwenye foleni mtu akapaza sauti: "Mwili wote ule, halafu kitunda cha bure anakimumunya kama peremende!" Duka zima likaangua kicheko.

Mama hakumtazama aliyesema. Alimtazama mwonjeshaji, kisha mlango, kisha mwonjeshaji tena. Macho yakamjaa maji. Akaanza kutafuna, polepole mno, kama anayetafuna kitu kisicho chake. Akameza.

"Asante, mwanangu," akasema. Zilikuwa zimepita wiki mbili tangu sauti yake iliposikika mara ya mwisho dukani mle.

Bawabu alimkunjua viganja, akamwachia.

Mwonjeshaji alishusha pumzi. Kazi imepona. Akajifuta mikono kwenye aproni, akasogea kwenye kioo cha dirisha kuhakikisha kwamba kweli anakwenda zake.

Kwenye ngazi, yule mtoto mnene alimwona mama anakuja. Akaweka kadi chini haraka, akainua uso, akaachama kama kinda la ndege.

Mama alipiga magoti mbele yake. Polepole, naye akaachama, amwonyeshe kwamba leo hamna kitu.