Nafasi Chini ya Bawa la Bata

Zamani, ndege walipokuwa na mahakama yao, Bata aliwafunika vifaranga wa majirani chini ya bawa lake kila mama zao walipokwenda kutafuta chakula. Hakudai chochote. Siku moja kifaranga wa Kwale alimwita Bata mama. Kwale aliposikia akaingiwa na wivu, akamwambia mtoto wake, kisha majirani wote, kwamba Bata hula vifaranga.

Watoto wote wakaondolewa. Bata akaenda kushtaki.

"Ulimwona akila?" Hakimu Korongo alimuuliza Kwale.

"Nilisikia, Mheshimiwa."

"Kwa nani?"

Kwale akainamisha kichwa.

"Basi umemchafulia mwenzako jina. Utapita kila kiota, useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ulidanganya."

Kwale akapita huku akizomewa. "Haya, mama umbea, ongeza sauti!" Akaongeza. Kesho yake vifaranga wote walirudi kwa Bata, isipokuwa wa Kwale.

"Nenda kwa Bata," Kwale alimbembeleza.

"Siendi. Atanila."

"Nilisema uongo, mwanangu."

"Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo kwa kumwogopa hakimu?"

Kwale alitamani mtoto amwite Bata mama tena, hata mbele ya ndege wote.

Bata hakumlaumu Kwale. Aliinua bawa upande aliozoea kulala yule mtoto, akakaa hivyo akimngoja, na vifaranga wengine wakajibana upande wa pili ili kumwachia nafasi yake.