Umeme wa Rambirambi

Nyamizi aliikagua betri yake mpya, akazidi kuchanganyikiwa. Paneli ya jua ilikuwa bado imefunikwa turubai, na waya mwekundu aliuchomeka mahali pa mweusi. Hata hivyo, betri ilikuwa imejaa pomoni.

"Yangu inakauka tangu asubuhi," alisema jirani yake, Mama Shija, nyuma ya ua. "Kuna msiba wapi, shoga?"

Kwa sheria ya rambirambi, betri za mtaa mzima, zilizounganishwa kwa waya mmoja, ziliichangia umeme nyumba yenye msiba, zenyewe, bila kumwuliza mtu. Wakubwa waliipitisha kama walivyozoea tangu enzi za kuwahamisha watu kwa malori: wenye nyumba waliisikia redioni. Hawakuambiwa betri zinajuaje penye msiba. Nyumbani kwa mzee Maganga, jirani yao, umeme wa rambirambi uliingia kabla hajafa.

"Labda nimekosea waya," alisema Nyamizi.

"Waya gani huo wa kuvuta umeme wa watu? Wewe hata pasi inakushinda."

Nyamizi alicheka kidogo. Akatoa turubai, akageuza waya, akazima na kuwasha. Umeme wa mtaa uliendelea kuingia.

Ndani, mama yake alikuwa mkekani akichambua mchele chini ya feni.

"Umepatia, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Mbona feni inazunguka vizuri?"

Nyamizi alichukua koleo, akaukata waya wa mtaa. Kisha akaketi kando ya mama yake. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, naye hakujua ni yupi kati yao aliyechangiwa. Feni iliendelea kuzunguka.