Zima Hiyo Ngoma

Spika ilikuwa imezikwa ndani ya debe la makaa, imefungwa kwa tisheti kuukuu. Hope ndiye aliyeizika, Jumatatu asubuhi, akidhani Jeremy akikosa muziki nyumbani atakosa pia miguu ya kutoka. Leo ilikuwa Ijumaa. Spika bado ilikuwa kwenye makaa. Jeremy ndiye hakuwepo.

"Mathe wa nyumba, wako amepotea tena?" Nereah alimtania kutoka kwenye karai lake la mandazi. Mtaa mzima wa Mashimoni ulijua kwamba Nereah hawezi kukaanga mandazi bila kukaanga na habari za watu.

"Tangu jana mchana," Hope akasema.

"Ni hizo nyimbo! Zinaimba pombe, zinaimba viuno, halafu mnashangaa. Kwani huyo Becky mwenye saluni kule Satellite alipata mimba kwa kusikiliza zaburi?"

Waliopanga foleni ya maji wakacheka. Wanzala, mwenye bomba, hakucheka. "Nyimbo hizo hizo nami nazisikia kutwa, Nereah, na bado nafungua maji saa kumi na moja asubuhi. Usisingizie redio."

"Wewe masikio yako yameshaota kutu. Zinakupita tu."

Moyoni Hope alikuwa upande wa Nereah. Alitaka iwe ni nyimbo. Nyimbo zina kitufe. Zikizimwa zimezimika, na mtu anarudi kuwa yule aliyekuwa.

Maana Jeremy hakuwa hivi. Zamani alifua nguo zake mwenyewe, akaaga anapotoka, akarudi kabla ugali haujapoa. Kisha wakabaki wawili tu kwenye kile chumba, na zikaja video: suruali nyeupe, kofia iliyogeuzwa nyuma, kucheza na kujirekodi, kuhesabu wangapi wamependa. Siku hizi Hope ndiye aliyeifua ile suruali. Hope ndiye aliyefunika chakula kikalala. Hope ndiye aliyesimama kanisani akadanganya kwamba Jeremy ana homa.

Yote hayo angeyavumilia. Lakini jana Bi Ndeti, mwalimu mkuu, alikuwa amemwita ofisini akamwambia bila kuzunguka: ile nafasi ya Gredi ya Kumi ina watu wanaoimezea mate. Jeremy asipofika Ijumaa kabla ya saa tisa kutia sahihi, inapewa mwingine.

"Si niende mimi niongee nao?" Nereah aliuliza Hope alipomweleza hayo, utani umemtoka ghafla.

"Wamesema ni yeye mwenyewe, anti. Hawataki mtu mwingine."

"Basi kimbia Kawangware. Shivachi wa boda amemwona pale nje ya duka la spika. Kimbia!"

Hope alikwenda kwa miguu, akakatiza mtaa wa Sarang'ombe, akavuka barabara kuu, viatu vikimbana. Aliusikia muziki kabla ya kuliona duka. Spika mbili ndefu kama milango zilikuwa zikitingisha mabati ya majirani, na katikati ya vijana walioinua simu alikuwa Jeremy, magoti karibu yaguse lami, jasho likimeremeta. "Jere! Jere!" wakapiga kelele.

Aliyekuwa akipiga muziki ni Nyamai, wa duka hilo. Akamwona Hope.

"Niaje, siste. Umekuja kumchukua tena?"

"Zima hiyo ngoma. Dakika moja tu, tafadhali."

"Kwani ngoma imekukosea nini?"

"Zima tu. Nataka kuona."

Nyamai akamtazama usoni, akazima.

Kawangware ikarudi na sauti zake: pikipiki, muuza mahindi, mlango wa bati unaofungwa. Vijana wakazomea kidogo, kisha wakatawanyika. Hope akasubiri. Ukimya huu alikuwa ameungoja tangu Jumatatu.

Jeremy akajifuta jasho, akavuta kreti la soda, akaketi.

"Twende," Hope akasema. "Ni saa nane na dakika ishirini. Tukichukua boda tutafika."

"Kesho."

"Kesho ni Jumamosi."

"Basi Jumatatu. Mwambie huyo mwalimu nina homa. Si wewe ndiye fundi wa hiyo homa yangu?"

"Enda bana, Jere," Nyamai akasema. "Nimeshazima."

"Kwani ni ngoma imenishika?" Jeremy akacheka, kile kicheko chake kitamu ambacho mtaa mzima ulimpendea. "Sijisikii tu. Nikienda leo, muhula ujao wataniita tena. Mimi nimechoka kuitwaitwa."

Hope akazitazama zile spika. Zilikuwa kimya kabisa, mbao tupu, na hakukuwa na kitufe kingine cha kubonyeza.

Akachuchumaa mbele ya lile kreti, akaanza kumfunga Jeremy kamba za viatu. Labda akifungwa vizuri atasimama. Akafunga cha kulia, akafunga cha kushoto. Miguu haikusogea.

"Ni dakika tano tu ofisini," akasema. "Wenzangu wote darasani wameshakuja na wazazi wao. Nimebaki mimi peke yangu, baba."

Jeremy akamtazama Nyamai, juu ya kichwa cha Hope.

"Washa," akasema.